Wiski ya Pipa Moja kwa Mzee Mburu

Jumatatu, 4 Agosti 1958. Thika.

Leo Mungu amenikumbuka! Bwana Makrei, yule Mskochi wa shamba la mkonge, amerudi kwao kabisa. Akiondoka hapa hotelini Chania alinikabidhi chupa yake ya wiski, imebaki zaidi ya nusu. Akasema katika maweita wote, Kiilu peke yake ndiye aliyekuwa akimsikiliza. Kumbe nilikuwa nangoja tu atoe kiwiko chake kwenye trei yangu.

Alinieleza kwamba wiski hii ni ya pipa moja tu, haikuchanganywa na nyingine, na shayiri yake ilikaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi wanaouchoma kwao kama kuni. Udongo! Kama udongo ungekuwa unawaka, kwetu Ngoliba tungekuwa majivu zamani. Nikaitikia kwa adabu.

Chupa itakwenda Ruiru, kwa Mzee Mburu, babake Magdalene. Kang'ethe, fundi wa baiskeli, naye anamtaka Magdalene, na juzi alimpelekea Mzee muratina. Pombe ya asali! Mwaka huu wa 1958! Na mshenzi huyo alishukuriwa.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimeonja, ili nijue kuielezea. Ni kama kulamba sufuria iliyounguza maharagwe. Halafu hospitali. Halafu chumvi. Nikakohoa mpaka mpishi akaja kuuliza kama nimemeza mfupa.

Bila shaka ni tamu sana. Kosa ni la ulimi wangu, haujasoma.

Nikaonja tena kwa tone la maji, kama alivyokuwa akifanya Bwana Makrei. Sufuria ile ile, sasa imeoshwa kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti.

Magdalene amepita hapa na kikapu cha mboga za jikoni. Nikamwambia Jumapili babake ataonja kinywaji cha mabwana. Akasema Baba hahitaji kinywaji. Serikali imemruhusu kutoka kijiji cha Hali ya Hatari arudi kwenye shamba lake, anataka kujenga tena nyumba, na Kang'ethe ameshaanza kumsaidia kuchimba mashimo ya nguzo. Nikacheka. Mashimo! Nikamwuliza kama nyumbani kwao kuna meza iliyonyooka.

Jumapili, 10 Agosti. Ruiru.

Msiba mtupu.

Nilifika na glasi tatu za hoteli, kitambaa cheupe na maji kwenye chupa ya dawa. Kang'ethe alikuwepo, hakualikwa, ana matope hadi magotini. Nikawafundisha. Kwanza kunusa. Halafu ncha ya ulimi. Kumeza ni mwisho. Kang'ethe akanusa, akasema hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ng'ombe wa nani? Hana hata kuku!

Mzee Mburu ndiye aliyenifurahisha. Alinusa muda mrefu, macho amefumba. Nikamnong'oneza Magdalene kwamba babake ana pua ya kizungu. Halafu nikaona machozi. Nikafurahi zaidi, maana hata Bwana Makrei alikuwa akitoa machozi akifika chini ya chupa.

Nikamwambia, "Mzee, tuambie unasikia nini."

Akasema, "Paa langu."

Sikuelewa. Akaendelea taratibu, bila kutuangalia. "Siku askari walipochoma nyumba, nyasi zilikuwa zimenyeshewa. Hazikuwaka haraka. Ziliungua mchana kutwa, na mama yangu amesimama pale anatazama. Harufu ni hii hii."

Nikaona somo linaharibika, nikamsahihisha kwa heshima. Nikasema, "Hapana Mzee, si paa. Ni udongo wa Skotilandi."

Mzee akaweka glasi chini, akatoka. Kang'ethe akamfuata, wakakaa kwenye gogo nje. Na Magdalene alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeingia kanisani.

Glasi ya Mzee ilikuwa imejaa! Wiski ya pipa moja! Ikabidi niinywe mwenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti.

Kichwa. Meneja anauliza glasi tatu ziko wapi. Nimesahau kitambaa pia.

Jumatano, 13 Agosti.

Magdalene amekuja mlangoni pa jikoni na glasi zimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mkali, halafu akapoa. Akasema Baba hana kinyongo. Anajua sikukusudia. Lakini amesema kijana anayemtaka bintiye aje Jumamosi shambani, paa linapandishwa, watu ni wachache. Nisibebe kitu chochote.

Mara mbili alisema hivyo. "Kiilu, usibebe kitu. Baba anataka mikono tu."

Nimeelewa vizuri. Mzee ana aibu ya kuomba. Tena kosa halikuwa langu, lilikuwa la moshi. Mzee huyu anahitaji kinywaji kisichopitia motoni, na baa wana brandi ya Kifaransa iliyofunguliwa tangu Krismasi, hakuna anayeiulizia.

Anataka mikono? Mikono ninayo. Mmoja wa chupa, mmoja wa glasi.