Magoti Atolewa Ukumbini

Video yenyewe haifiki dakika moja, lakini hadi Jumatatu saa nane mchana mtaa wetu wote wa Mamelodi ulikuwa umeshaiona. Mzee wa suti ya krimu na viatu vya rangi mbili anatolewa na walinzi wawili kwenye ukumbi wa maonyesho mjini Pretoria, huku saksafoni ikiendelea kulia. Mzee huyo ni Magoti wetu, na hakosekani kwenye benchi hili la nje ya kibanda changu cha kushonea viatu.

"Walinzi hawana kosa," alianza Profesa, mwalimu mstaafu anayejua kila sahani ya santuri ilirekodiwa mwaka gani. "Jazi inasikilizwa kwa masikio. Mtu mzima unasimama katikati ya watu na kuanza kurusha miguu kama umekanyaga siafu?"

"Kwani wewe ulikuwepo?" nikamuuliza.

"Kiti cha nyuma yake. Nilikuwa nafuata wimbo kwenye karatasi ya ratiba."

"Nyie wote mnazingua," akadakia dada Kedibone, tunayemwita Kamera, mdomo umejaa gwinya, andazi letu la huku. "Mimi ndiye niliyerekodi. Hicho ni kipande tu; nilirekodi ukumbi wote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho."

"Na uliupenda upi?"

Akatafuna kwanza. "Sijaangalia bado."

Magoti akatokea, leo na ndala, kichwa chini. Tukajibana kumpa nafasi. Huyu ndiye mkongwe wa klabu yetu ya jazi, ambako kila Jumapili tunapiga santuri na kila chombo kinapolia peke yake, mmoja wetu anainuka kukichezea. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwambia akae.

"Kaka Magoti, pole," nikasema. "Ilikuwaje?"

"Nilikaa vizuri tu nyimbo mbili. Mikono mapajani, kama niko kwa daktari wa meno. Halafu yule mzee wa saksafoni, Ntate Motaung, akapiga sauti moja, akaishikilia, akaishikilia, akaiachia kidogokidogo. Sasa mtu mzima mwenzako akikuamkia, utamnyamazia?"

"Ungeitikia moyoni," Profesa akasema.

"Moyoni atanionaje?"

Profesa akakunja miguu yake chini ya benchi.

"Kilichoniuma," Magoti akaendelea, sauti imeshuka, "ni kwamba wakati wananishika mikono, watu walipiga makofi. Nikadhani wananitetea. Kumbe wanawashukuru walinzi."

Hata Kamera aliacha kutafuna.

Ndipo simu ya Magoti ikaita. Namba ngeni. Akaweka spika, maana sikio lake la kushoto limechoka, na sauti ya mwanamke ikamwita kwa jina lake la ukoo.

"Ntate Phaladi? Napiga kutoka ukumbini. Kwanza tunaomba radhi. Pili, ile video imependwa mno. Tunakualika Jumapili ijayo, kiti cha mbele."

Profesa akatoa macho. Magoti akakaa sawa. "Nashukuru, mama. Na nikisimama?"

"Ndicho tunachotaka. Wimbo wa tatu, dakika ya pili, taa itakumulika. Ucheze dakika moja hivi, kisha ukae. Watu wamekata tiketi kwa ajili hiyo."

"Ntate Motaung atakuwa anapiga nini hapo?"

"Bado hatujajua."

"Basi mimi nitajuaje kama nitasimama?"

"Taa, Ntate. Ukiona taa."

"Na kama hajaniamkia?"

Nadhani yule mama alimuuliza mwenzake, maana tulisikia minong'ono. "Wanasema hata asipokuamkia, ucheze tu."

Kamera alikuwa anamfanyia ishara akubali, mikono yote miwili. Magoti akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mama, mniwie radhi. Jumapili nina klabu. Ila nipelekee salamu kwa Ntate Motaung. Mwambie jibu lake sikulimaliza. Aje na saksafoni yake, shule ya msingi nyuma ya kituo cha treni, kuanzia saa saba. Viti vipo, lakini havikaliwi."

Akakata simu, akaniomba gwinya.

Kamera akasema mzee amechezea bahati. Nikamwambia bahati gani, ya kuwashwa na kuzimwa kama balbu? Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Profesa alichelewa makusudi mpaka wenzake walipofika mbali, kisha akaniinamia.

"Huko klabuni kwenu," akanong'ona, "mtu asiyejua kucheza anaruhusiwa kuingia?"