Daktari wa Beseni

Jumapili, 13 Agosti 2006

Msonyo. Mmoja tu, mrefu, wa mtu aliyevuta hewa kupitia meno yote thelathini na mawili. Nimeubeba kichwani tangu ibada iishe. Nimekula nao chakula cha mchana. Nimeosha nao vyombo.

Ulitoka kwa Nehemiah. Ilikuwa siku ya vijana katika ukumbi wa kanisa letu hapa Alexandria, Virginia. Kipkemboi alikuwa jukwaani akirapu mistari niliyomwandikia mimi, Wamaitha, kuhusu upweke wa mhamiaji. Alipofika kwenye tashbihi yangu bora kabisa, Nehemiah, mpinzani wake, akasonya kwenye kipaza sauti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tashbihi ile ilinichukua wiki tatu!

Sasa mambo ni haya. Domina, yule Mtanzania anayeandaa sherehe ya Septemba 2, atachagua mmoja kati ya hao wawili afungue jukwaa. Akimchagua Kipkemboi, maneno yangu yatasikika mbele ya Waafrika Mashariki wote wa Virginia na Maryland, na jina langu litatajwa. Nataka hilo kuliko shahada. Kwa hiyo: wimbo wa kumchana Nehemiah, kumuumbua hadharani.

Jumanne, 15 Agosti

Nimemsomea Kipkemboi rasimu ndani ya teksi anayoendesha, akingoja abiria nje ya hoteli. Beti sita juu ya unafiki wa mwanadamu. Aliuliza kama huu ni wimbo au mtihani wa Kiswahili. Akasema watu wanataka damu, dadangu. Kwani sijui siri ya Nehemiah, akauliza? Anaosha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia kule Rockville, na mamake huko Kitale anaamini ni daktari. Hadi alitumiwa picha ya mwanawe na stethoskopu shingoni!

Nuru ikaniangukia. Niliandika kwenye basi:

*Kwenu wamechinja mbuzi, mwana amekuwa daktari,*
*Huku wabadilisha nepi za babu kila alfajiri;*
*Stethoskopu ya kuazima, picha ukatuma kwa fahari,*
*Daktari wa beseni, sabuni ndiyo dawa yako ya hatari!*

Nilicheka peke yangu hadi mwanamke wa kiti cha mbele akahama.

Ijumaa, 18 Agosti

Tumerekodi ndani ya kabati la nguo la Kipkemboi, katikati ya makoti, mlango umefungwa. Alikosea "alfajiri" mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano aliniambia nikimsahihisha tena atarudi kwenye teksi na nitarapu mwenyewe na hayo makoti.

Tumegombana pia kuhusu jalada la CD. Yeye alitaka picha yake tu, amekunja mikono, amenuna. Nilikataa kumpa ubeti wa mwisho mpaka akubali: MASHAIRI YOTE NI YA WAMAITHA. Nimechapa majalada hamsini kwenye maktaba ya chuo ninachosoma, Annandale. Ushindi!

Jumapili, 20 Agosti

Nimegawa CD zote kwenye maegesho ya kanisa. Vijana waliurudia ubeti wa beseni hadi wakashika mbavu. Kina mama waliusikiliza ndani ya gari la Anti Edah, vioo vimepandishwa, kimya kabisa. Anti Edah ni dada ya baba. Naishi kwake, na ndiye anayenisomesha. Kimya kama kile nimekiona mara chache maishani. Ni kimya cha watu walioguswa na fasihi.

Ijumaa, 25 Agosti

Haikuwa fasihi.

Kuna mtu alisafiri kwenda Kenya Jumatatu. Hapa hakuna anayesafiri na mzigo wake peke yake. Kila mtu humkabidhi kifurushi. Kati ya viatu na chupa za vitamini, mmoja akapenyeza CD yangu. Sasa inachezwa Murang'a, kijijini kwetu.

Nyanya, mamake Anti Edah, amepiga simu. Alitaka kujua Anti Edah anatibu katika hospitali gani hasa. Na ile stethoskopu, kwenye picha iliyotundikwa sebuleni karibu na kalenda, ni ya nani?

Leo ndipo nimegundua kwamba stethoskopu ni moja. Imezunguka kanisani miaka minne. Kila mama amepigwa picha nayo!

Karibu wote wanaosha wazee. Hilo nililijua, naishi nalo nyumba moja. Nilimweleza Anti Edah kwamba mshairi humlenga mtu mmoja mahususi, na msikilizaji makini hutofautisha. Aliendelea kukunja sare yake. Kisha akasema, taratibu, hizo nepi ndizo zimekufikisha Annandale, mwalimu. Akaenda kazini bila kuniachia chai kwenye thamosi. Hajawahi kuisahau chai.

Jumamosi, 26 Agosti

Kina mama wamemwambia Domina: Kipkemboi akipanda jukwaani, wao hawapiki. Bila wao hakuna pilau, hakuna chapati, na hakuna Mkenya atakayekesha ukumbini kwa soda.

Domina akanipigia. Jamani mdogo wangu, alisema, kipaji unacho, ila kitie kwenye gunia, ulifunge, kisha ulikalie. Nehemiah ndiye atakayefungua.

Kipkemboi naye, alipobanwa, aliapa kwamba hakuelewa hata nusu ya alichorapu. Akawaonyesha jalada. Jina langu lilisomeka vizuri sana.

Jumapili, 27 Agosti

Nimeomba msamaha mbele ya kina mama wakati wa chai, baada ya ibada. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu. Mwisho wa ukurasa wa kwanza, mama mmoja aliuliza kama kuna kiitikio, wanisaidie kuimba. Wakacheka wote, hata Anti Edah, kidogo, akitazama pembeni. Aliniambia haya basi, kaa ule. Kisha akanikabidhi masufuria yote ya kanisa.

Nehemiah alinikuta jikoni. Nilitarajia matusi. Alisema mamake amemcheka kwenye simu hadi kadi ikaisha, na kwamba wimbo huu ni mkali, si kama ule wa upweke, mrefu kama foleni ya viza. Sasa jukwaa analo, alisema, wimbo mpya hana.

Nilisugua sufuria moja kwa muda mrefu mno.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimejichunguza siku nne, bila huruma, na nimefika kwenye kiini cha kosa. Kuchana hakukuwa kosa. Kosa ni kuwagusa wanaopika.

Sasa, Kipkemboi huwaambia watu wa kwao Bomet kwamba ana kampuni ya usafirishaji. Kampuni! Ni teksi moja, na hata si yake. Nilimpa Nehemiah beti nane za kampuni hiyo Jumatatu, akarekodi Jumanne. Hakuna atakayeumia ila Kipkemboi mwenyewe.

Majalada niliyachapa jana. Na kwa kuwa shairi lisilosikika ni karatasi tu, leo mchana nilipanda treni hadi uwanja wa ndege nikagawa nakala zote kwenye foleni ya teksi. Madereva wale hukaa saa nzima wakingoja abiria, na hawana cha kusikiliza. Kadhaa niliwatambua, ni waume wa kina mama wa kanisa letu. Wamenishukuru sana.