Mfumo Ambao Shemeji Haujui

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Binti yetu amepata chuo. Usanifu wa majengo! Miaka mitano, katika mji ulio mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mama yake amelia kwa furaha. Mimi nimefurahi pia, nimefurahi sana, kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba na kukaa kidogo.

Barua ya chuo inataka kila mwanafunzi afike na laptop. Kabla sijamaliza aya hiyo, mke wangu alikuwa ameshampigia kaka yake. Bila shaka. Shemeji yuko kitengo cha kompyuta benki, na tangu apate kazi hiyo nyumba hii haina fundi mwingine. Simu ikikwama, Shemeji. Redio ikikoroma, Shemeji. Mimi ni fundi saa, mwaka wa thelathini na moja huu, nashika magurudumu ambayo wao hawayaoni bila lenzi. Lakini nikigusa rimoti, naambiwa niiweke chini taratibu.

Shemeji ameahidi kuja Jumapili na orodha. Binti akamshukuru, akamwambia kwamba hata huko chuoni akikwama atampigia yeye.

Atampigia yeye!

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Dukani kutwa. Wateja wawili. Mmoja alitaka betri, wa pili alikuwa anauliza njia. Nafasi ya kuwaza ilikuwa tele.

Nimewaza hivi. Mtoto akiwa mbali hampigii simu mtu anayempenda, anampigia mtu mwenye jibu. Kunipenda atanipenda tu, hata nikikaa kimya mwaka mzima. Ndiyo hatari yenyewe. Kwa hiyo swali si laptop ipi ni nzuri. Swali ni laptop ipi itamlazimu anipigie mimi.

Mchana nikavuka korido kwenda kwa Daktari. Si daktari, ni fundi wa kompyuta, chumba cha nne kutoka changu. Huvaa koti jeupe ili wateja wasibishane naye. Nikajitia hamnazo, nikamuuliza laptop zinatofautiana nini. Alinieleza saa nzima. Alisema watu hukimbilia kioo na rangi, kumbe la kwanza ni mfumo, yaani ile programu kuu inayoziamuru nyingine zote. Nilimwelewa palepale. Kasha na mashine! Wateja wangu nao huchagua saa kwa kasha.

Akasema mifumo mikubwa iko mitatu. Kuna Windows, unaotumiwa na watu wengi. Kuna wa kampuni ya tofaa lililong'atwa, wenye wapenzi wasioambilika. Na kuna Linux, wenye nembo ya pengwini. Huo ni wa bure, kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kutazama unavyofanya kazi ndani, ila unataka subira. Nikamuuliza Shemeji anajua upi. Daktari anamfahamu. Akacheka, akasema yule ni mtu wa Windows tangu utotoni, Pengwini kwake ni ndege tu.

Basi ni Pengwini!

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Tumepatana. Daktari atanifundisha Linux kila mchana, nami nitamfufulia saa ya marehemu mama yake, iliyosimama miaka sita.

Somo la kwanza. Skrini nyeusi, herufi nyeupe. Hapa hubofyi picha, unaandika amri kwa mkono. Nikaandika. Ikajibu kwamba amri hiyo haipo. Nikaandika tena. Haipo. Mara ya sita ikatii, nami nikapiga meza hadi Daktari akamwaga maji yake. Nimeipenda, nakiri. Kitu kimoja tu kinanisumbua: haina sauti. Saa ukiiweka sikioni inakwambia kama ni nzima au mgonjwa. Hii unajuaje?

Tatizo ni ukurasa wa pili wa barua ya chuo. Unasema programu ya kuchorea wanayofundishia inataka Windows. Hakuna aliyeufikia bado ila mimi. Nimeukunja mara nne, nikausokomeza ndani ya saa kubwa ya sebuleni, nyuma ya kile chuma kinachobembea. Hakuna anayefungua saa hiyo zaidi yangu. Nimejipongeza.

Nimerudi na kitabu cha Daktari chenye pengwini juu ya jalada. Binti amenikuta nacho kwenye kochi, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia mtu hazeeki kwa kusoma. Akaenda chumbani kwake.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Leo nimefanya balaa.

Mke wangu na Binti walitoka. Nikachukua laptop yetu ya zamani ili nifanye mazoezi ya kuweka Pengwini. Nikachomeka flashi ya Daktari. Mashine ikauliza maswali, nami nikawa najibu kama mtu aliyezaliwa humo. Ikauliza, nifute diski yote niendelee? Nikadhani diski inayosemwa ni ile flashi. Nikabonyeza ndiyo.

Pengwini akaingia vizuri sana. Na kila kilichokuwemo kikatoka! Michoro kumi na minne ya Binti, kazi ya miezi mitatu, ile anayotakiwa kuwaonyesha walimu siku ya kuripoti.

Nimekwenda kwa Daktari mbio, na ndala miguuni. Akatazama, akavua miwani. Alisema huenda akaokota vipande viwili vitatu, ila nisiweke matumaini. Ni sauti ninayowapa wateja waliofua suruali na saa mfukoni. Sikujua inauma hivi ukiwa upande wa pili wa meza.

Chakula kimenishinda. Nimemwambia mke wangu ni kichwa. Binti akanichemshia maji ya kuoga, na hapo ndipo nilipoona aibu hadi masikioni. Nataka mtoto huyu anihitaji, na cha kwanza nilichomfanyia ni kumharibia.

Nina mpango lakini. Nitasema laptop imekufa kwa uzee.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Kikao. Shemeji alifika na orodha iliyochapwa kwa rangi. Laptop tano, mstari kwa mstari: kasi, kumbukumbu, kadi ya picha, ukubwa wa skrini. Zote Windows. Aliyoipigia debe ni nzito kama tofali, akasema uzito ndio uimara.

Nikasimama. Nikamtetea Pengwini dakika ishirini. Usalama! Uhuru! Mtumiaji kuijua mashine yake hadi utumbo! Shemeji alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja tu, kama programu ya kuchorea ya chuo itafanya kazi humo. Nikamjibu kwamba barua haitaji programu yoyote.

Binti akainuka. Akaenda moja kwa moja kwenye saa ya sebuleni, akafungua mlango wake, akaingiza vidole viwili. Akauweka ukurasa wa pili mezani, akaukunjua mara nne. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba saa hiyo imekuwa ikikwaruza tangu Jumatano, chuma kinagusa karatasi kila kikirudi kushoto. Amekulia chini ya meza ya fundi saa. Angekosaje kusikia?

Mke wangu alinitazama. Shemeji alitazama dari. Lililoniumiza zaidi si kukamatwa. Nimelala na saa hiyo usiku nne inakwaruza ukutani mwangu, na mimi fundi sikuisikia.

Ya nini kuficha jingine? Nikasema yote, michoro, flashi, na ile ndiyo niliyoibonyeza. Nilitazama sakafu nikisubiri kilio. Binti akasema michoro ipo. Aliinakili Jumatano, dakika tano baada ya kuniona na kile kitabu. Nakala moja iko kwenye flashi yake, nyingine kwa Mjomba.

Shemeji alicheka hadi akaletewa maji. Nilimletea mimi.

Jumanne, tarehe 11 Agosti

Laptop imepatikana. Amechagua mwenyewe, si ya Shemeji wala yangu. Muuzaji alisema hajawahi kuona mteja wa namna ile. Kwanza aliipakata akapanda nayo ngazi za duka hadi ghorofa ya tatu na kushuka, maana bweni lake halina lifti. Akaiacha kwenye betri mchana kutwa, muuzaji akitaka asitake. Mwisho akafumba macho, akaandika jina lake ili aone kama vidole vinapata njia kwenye kibodi. Ndivyo ninavyomfundisha mteja achague saa: ivae kwanza, uchukue muda wako, itazame baadaye. Sikumbuki kumfundisha yeye.

Ndani ina Windows kwa ajili ya michoro. Na pembeni, kwa mkono wa Daktari, ina Pengwini pia! Ukiiwasha inakuuliza leo unataka yupi. Nilisisimka, nikamuuliza Binti kama amefanya hivyo kwa ajili yangu.

Alisita. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba Linux ameutumia mwaka mzima kwenye klabu ya kompyuta ya shule. Akafungua ile skrini nyeusi anionyeshe kitu. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Hakuna amri hata moja iliyojibiwa kwamba haipo.

Nikampongeza. Nikasema nina kazi dukani. Sikuwa na kazi dukani.

Ijumaa, tarehe 14 Agosti

Saa ya mama wa Daktari imepona. Aliisikia ikigonga, akafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Mchana Binti akaja dukani. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye kitambaa changu cha kazi. Ilikuwa ya mama yangu, ile ya kutiwa ufunguo kila asubuhi. Aliomba niisafishe kabla hajaondoka kesho. Nikamwambia kwamba pia inachelewa dakika nne kwa wiki, nitaiweka sawa. Akakataa. Alisema niisafishe tu, mwendo nisiuguse. Kila Jumapili atanipigia kuniuliza saa kamili, na ataisogeza mbele mwenyewe.

Nikamwambia simu atakayonipigia ina saa.

Akanitazama. Nikavaa lenzi yangu.

Akavuta kigoda cha wateja, akakaa, kidevu juu ya meza kama alipokuwa na miaka saba. Nikafungua saa. Nilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka, na nadhani alijua. Sijui kama nimewahi kuwa na mchana mzuri kuliko huo.

Jumamosi, tarehe 15 Agosti

Ameondoka kwa basi la asubuhi. Laptop mgongoni, saa mkononi. Mama yake amelia, Shemeji amelia, mimi nimebeba mizigo.

Lazima niandike jambo moja hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Jana, Binti alipotoka kwenda kununua dawa ya meno, nilikuwa bado na saa yake imefunguka na bisibisi mkononi. Nikapiga hesabu. Dakika nne kwa wiki ni simu moja kwa wiki. Na ndani ya mashine kuna kimkono kidogo. Ukikisukuma huku, saa inawahi. Ukikisukuma kule, inachelewa.

Nilikisukuma unywele mmoja tu. Dakika nne kwa siku. Mtu hawezi kuvumilia hali hiyo hadi Jumapili, lazima atapiga kila siku.

Jumapili, tarehe 23 Agosti

Jumatatu hakupiga. Jumanne hakupiga. Wiki nzima nimekuwa nikioga na simu juu ya sinki. Leo, saa nne kamili, ikalia.

Saa kamili tuliimaliza kwa nusu dakika. Dakika arobaini zilizobaki akanieleza mengine: bweni, mwenzake anayeota kwa sauti, mwalimu aliyesimama mbele ya mchoro wake wa saba bila kusema kitu na kumbe kwake hiyo ndiyo sifa. Nilisikiliza nimesimama katikati ya sebule. Mke wangu alinisogezea kiti, sikukiona.

Kisha akasema saa imekuwa ikichelewa dakika nne kwa siku. Alhamisi alikuta mlango wa darasa la kuchora umefungwa, akakaa nje kipindi kizima. Akaniuliza kama niligusa kile kimkono. Nikasema huenda ni vumbi la huko. Halafu akasema amefungua kifuniko mwenyewe, akakirudisha kwa ncha ya pini, na sasa inachelewa dakika nne kwa wiki kama alivyotaka. Atanipigia Jumapili. Alirudia neno hilo pole pole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akacheka, moyo wangu ukarudi mahali pake.

Nimekaa nikitafakari. Mtoto huyu anajua Windows, anajua Linux, na kumbe anajua hata kurekebisha saa. Hana swali hata moja ambalo mimi tu ndiye mwenye jibu lake, na bado amepiga. Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma mara mbili. Ni kweli. Inatosha kabisa. Mtu mwenye akili angefunga daftari hapa.

Ila kabla hajakata, alitaja kwamba Mjomba wake amesikia habari za mlango uliofungwa na anamtumia saa ya kisasa, ya kuchaji, inayoonyesha hadi ujumbe.

Nimevaa viatu, nikamfuata Daktari kwake. Nikamuuliza kama saa hizo nazo zina mifumo. Zinayo! Si mmoja. Shemeji anaujua mmoja tu.

Kesho mchana naanza kujifunza ule mwingine.