Mizani, kitenge na mama yake Neema

Leo mama mkwe mtarajiwa ameniona nilivyozaliwa. Nasema mwenyewe kabla watu wa hapa kwetu Mwankoko hawajawaletea habari wakiwa wameongeza chumvi.

Iko hivi. Mnajua napigana sanda, yale mapigano ya Kichina ya ngumi, mateke na kuangushana. (Wanaosema ni karate, tulishaongea, niacheni.) Leo hapa Singida kulikuwa na mchujo wa uzito mwepesi, kilo 56. Mshindi ni mmoja tu, ndiye anaingia timu ya kwenda michezo ya kimataifa nje ya nchi. Nafasi hii nimeisubiri miaka minne.

Saa mbili asubuhi napanda mizani. 56.4. Kosa ni langu, jana nilikula kuku. (Nusu kuku. Haya, kuku mzima.)

Mwamuzi, mzee mmoja wa miwani, akasema, "Una saa moja. Ikipita nakufuta."

Nikavaa masweta mawili na koti la mvua, nikakimbia kuzunguka ukumbi juani. Mama mmoja wa baiskeli akasimama kuniuliza kama naumwa. Nikarudi, nikabaki na bukta tu, nikapanda. 56.1. Zimebaki dakika tano.

"Vua bukta," akasema kocha.

Nikavua. Wenzangu wawili, Hamisi na Mathayo, wakanishikia kitenge mbele, kila mmoja na ncha zake. Nikapanda tena.

Sasa, ukumbi ule ni wa kanisa, na mizani ilikuwa stoo, katikati ya masufuria. Mlango ukafunguka, wakaingia kina mama watatu kuchukua sufuria za kupikia harusi. Hodi hawakupiga, stoo ni yao. Wa mbele ni mama yake Neema. Neema ni mchumba wangu. Mwezi ujao wazee wangu wanakwenda kwao kuposa.

Hamisi na Mathayo wamelelewa vizuri, na hicho ndicho kilichoniponza. Walipomwona mama, wote wawili wakainama kwa adabu.

"Shikamoo mama."

Kitenge kikainama nao.

Nikataka kuruka. Mwamuzi, macho yake kwenye mizani, akasema, "Ukishuka kabla sijaandika, umetoka."

Miaka minne, jamani. Nikabaki. Nimenyooka kama askari wa gwaride, mikono ubavuni, maana ukitikisika namba zinacheza. Mama ananitazama. Na kumnyamazia mkubwa nako ni kukosa adabu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu. Akachagua sufuria, akaikagua kama haivuji, akatoka taratibu. (Sufuria nyingi zilikuwa karibu na mlango. Yeye alichagua ya ndani.)

"55.9," akasema mwamuzi. "Umepita. Vaa nguo."

Mchana nikapigana. Mpinzani wangu pekee, jamaa kutoka Itigi, alikuwa mzuri, lakini mtu aliyeamka vile hana tena cha kuogopa. Kila alipoinua mguu niliudaka. Raundi ya kwanza nikashinda kwa pointi. Ya pili nikamtoa nje ya jukwaa mara mbili, na kwenye sanda hiyo inatosha kushinda raundi, basi, ikaisha.

Natoka, namkuta mama yake Neema mlangoni na sahani ya wali. Nikaangalia chini.

"Umepigana vizuri," akasema. "Ila kula, mwanangu. Mbavu zote nimezihesabu."

Nikala.

Chekeni mnavyotaka. Mimi nimo kwenye timu, na nina mkwe ambaye sina tena cha kumficha.