Kivuli Asijue Kitu

Jumatatu, 6 Oktoba
Sheria mpya ya vibali vya kazi inaanza wiki ijayo. Bosi alituita atusomee. Sikwenda. Mwenye shahada nzima nisomewe tangazo kama mtoto wa chekechea! Nilichosikia koridoni kinatosha: mgeni atabaki iwapo hakuna mwenyeji anayeiweza kazi yake. Na mwenyeji yupo! Mpwa wa bosi, ninayemwita Kivuli, hunifuata karakana nzima akijifunza kukata lenzi za miwani. Kibali changu kinaisha mwezi huu. Kivuli asijue kitu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeanza kumpotosha. Nimemwambia katikati ya lenzi pakae juu kidogo ya mboni, ili jicho lipumue. Kaamini! Akasema dada, wewe ni kichwa. Roho ikanisuta mpaka saa ya chai. Hapo akauliza nikiondoka, meza yangu itakuwa ya nani. Huruma ikaisha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama amepiga simu. Anasema shangazi zangu wote wanajua mimi ni daktari wa macho, kwa hiyo nisithubutu kurudi.

Jumanne, 14 Oktoba
Mkaguzi wa vibali! Hakuniuliza neno. Alivua miwani yake, akamwambia Kivuli aikatie lenzi mpya, tuone mgeni wenu amekufundisha nini. Kumbe ndiyo sheria yenyewe! Mgeni anabaki akithibitisha kwamba anamfundisha mwenyeji. Nikamkonyeza Kivuli aache niliyomfundisha. Naye akanikonyeza, kwa furaha. Mkaguzi akavaa, akainua mguu kama anapanda ngazi, kwenye sakafu tambarare, akakumbatia kabati. Kivuli akamtuliza: vumilia mzee, macho yanapumua. Mkaguzi akauliza nani kakwambia upuuzi huo. Kivuli akaninyooshea kidole kwa fahari. Dada yangu huyu!

Ijumaa, 17 Oktoba
Bosi amembembeleza mkaguzi mpaka sauti imekauka. Mkaguzi atarudi Jumatatu. Bosi ameapa kwamba nikicheza tena, atanisindikiza uwanja wa ndege mwenyewe na kunipungia mkono. Nimemfundisha Kivuli kila kitu, kwa haki.

Jumapili, 19 Oktoba
Kivuli anashika upesi mno! Lenzi zake zimenyooka kuliko zangu. Kesho mkaguzi ataona nimefundisha, sawa. Lakini akiona hakuna kilichobaki cha kufundisha, mimi wa nini? Hapa inatakiwa akili. Nimempigia Kivuli sasa hivi. Lenzi ya kulia aikate vizuri kabisa, ya kushoto aiweke upande kidogo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ndivyo wanavyofanya wataalamu.