Vita vya Pasipalumu Uwanjani kwa Mama Pélagie

Tegeni masikio, enyi wenye mafagio na wenye majembe. Acheni sufuria ichemke yenyewe, maana nawasimulia vita vikuu, ingawa uwanja wake ungefunikwa na mikeka michache.

Ilikuwa miaka ya Zaire, hapa Kalemie, ambapo majina ya ubatizo yalikatazwa kwenye biro za serikali na kuitwa kwa sauti kubwa uani. Ndipo jirani yangu Mama Pélagie, binti wa Kabimba, mbeba ndoo asiyechoka, alipotamani majani: si yale yanayojiotea, bali pasipalumu, fupi, nene, isiyoogopa jua wala kukanyagwa. Akaomba vipandikizi, akavichomeka kwenye udongo uliolainishwa kwa samadi ya mbuzi, akavinywesha asubuhi na jioni. Akazungusha ngome ya manyara, askari wa kijani ambao mbuzi akiwaonja hurudi nyuma akitafakari. Na mlangoni akasimamisha hibiskusi mbili nyekundu, kama mabalozi.

Hapo akawasili kutoka Mpala mama mukwe wake, Mama Emerance, malkia wa mafagio. Kwetu, mnajua wenyewe, uwanja wa mwanamke wa heshima ni udongo mtupu, uliofagiwa hadi uonyeshe mistari ya ufagio. Basi mgeni akamhurumia mwanawe, akaamka alfajiri, akatwaa jembe. Kona nzima ikaanguka kabla jogoo hajamaliza sala yake.

Pélagie akaruka nje, kitenge upande.

“Mama! Shusha silaha! Majani haya nimeyalea kama mutoto!”

“Mukamwana, kwenu Kabimba hamufagie? Hii njo pori! Nyoka atakuja hapa kuomba kiti!”

“Nyoka gani, Mama? Majani hayafiki hata kifundo cha mguu!”

“Anaweza kuja mufupi!”

Papa Télesphore, mume wa Pélagie, simba wa biro, akachungulia dirishani, akamwona mama, akamwona muke, akarudi kulala. Mimi nilikuwa nyuma ya manyara, nikifagia palipokwisha kuwa safi, nisipitwe na neno.

Mara akaja Générose, muuza samaki, na beseni la ndagala wabichi ambao mgeni aliagiza ili awaanike. Pélagie akalinyakua, akawamwaga ndagala juu ya majani, wakametameta kama jeshi la fedha.

“Mama, tukianika kwenye mchanga tunakula ndagala nusu, mchanga nusu. Jioni utaonja hawa. Ukitafuna hata chembe moja ya mchanga, majani yote nitang'oa miye mwenyewe!”

Ufagio ukaniponyoka.

Jua likapita polepole, kama lililokodiwa. Jioni Mama Emerance akachukua ndagala mmoja, akamtafuna upande wa kushoto, akamhamishia kulia, akafumba macho. Pélagie akasogea, akimkodolea mdomo.

“Hakuna mchanga,” mama akanena, kwa sauti ndogo.

Kisha akaitazama ile kona aliyoilima. “Na hapa, tukirudisha leo, itashika?”

“Itashika, Mama. Tukinywesha.”

Akapiga magoti, mwanamke ambaye hakupata kupigia jani magoti, akachomeka shina moja baada ya jingine. Papa Télesphore akatoka na viatu vyake vya biro. Wanawake wawili wakamkemea kwa sauti moja, akapita pembeni, akiinama.

Andikeni, enyi wenye kalamu: siku ile kona ya pasipalumu ilirudishwa na mkono ule ule ulioing'oa, na Kalemie nzima, yaani mimi na Générose, ikapiga vigelegele.