Majani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi kali. Mikono ya mama mkwe imekakamaa, hashiki brashi. Picha yake ya majani ya dawa imefika nusu, na lori la mjini Alice Springs linakuja Ijumaa kuchukua picha za kituo chetu cha uchoraji, hapa jangwani Australia. Majani yenyewe, yakichemshwa na mafuta na kupakwa, humlegeza vidole. Yameisha. Nafasi yangu hii! Miaka kumi na moja mimi ni mkwe wake, hatujasemezana hata neno, wala hatutasemezana. Ndivyo heshima inavyotaka. Lakini majani hayahitaji maneno. Mke wangu Rhonda akauliza kama napajua yanapoota. Nikasema napajua. Sipajui.

Jumanne
Nimejaza gunia zima. Rhonda akalipeleka uani kwa mama yake. Mimi nilikaa mbali, nikiangalia kwingine. Mama mkwe akafinya jani moja. Halinati, na la dawa hunata. Basi akanipa mgongo, akamwambia mbwa wetu Biskuti kwamba kuna mtu kaleta chakula cha ngamia. Biskuti akatikisa mkia. Msaliti.

Jumatano
Rhonda alitaka tufuatane. Nikakataa, sifa ikigawanywa inapungua. Nimezunguka mchana kutwa. Mti mmoja mkavu nimeupita mara tatu. Gari likazama mchangani, nikachimbua magurudumu kwa sufuria ya chai. Nimerudi mikono mitupu. Nikipita nyuma ya ua wa mama mkwe nikamsikia akiugulia vidole. Moyo uliniuma. Sikufikiria sifa hata kidogo. Labda kidogo.

Alhamisi
Asubuhi mama mkwe kamwambia Biskuti, kwa sauti ya kufika uwanja wa mpira, kwamba mbwa mwenye akili angepita pampu ya upepo, akafuata korongo kavu, akasimama penye mawe meupe. Nikamshukuru Biskuti kwa moyo wote. Saa sita majani yako jikoni. Yananata! Jioni Rhonda akaniambia mama ameshika brashi, tena amemuuliza mbwa kama yule mtu amekula. Nikaletewa mkia wa kangaruu, kipande kinene. Nikatokwa na machozi. Moshi ulikuwa mwingi.

Ijumaa
Picha imekwisha. Mama mkwe alitoka kituoni kwanza, ndipo nikaingia kuitazama. Majani yamejaa kitambaa kizima, kama yanapepea. Katikati yake mistari miwili miwili inazunguka, inajikata, inarudi ilikotoka mara tatu. Rhonda anasema ni alama za magurudumu yangu ya Jumatano. Mama kamwambia Biskuti kwamba hajaona mtu aliyehangaika hivyo kwa ajili ya vidole vya kikongwe.

Nimeitazama mpaka lori likaichukua. Maana yake iko wazi: ameniamini, amechora njia zangu ili wengine wazifuate.

Kesho anataka gome la kikohozi. Rhonda anasema nimsubiri Biskuti aelekezwe kwanza. Ya nini? Napajua.